Kushuka Melini Bila Basi la Ziara: Tathmini ya Treni na Metro za Bandari za Mediterania

Meli nyingi za kitalii za Mediterania hufunga gatini kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, kisha huondoka kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni. Toa muda wa kushuka, toa na nusu saa ya mwisho ambayo kila abiria lazima awe ndani, unabaki na saa nane au tisa za nchi kavu. Melini kuna dawati linalouza ziara za siku hiyo, zikiwa na basi, mwongozaji na kijikaratasi cha namba cha kubandika kifuani. Bei hutozwa kwa kila kichwa, na kwa familia ya watu wanne inauma. Nje ya geti la bandari kuna treni ileile wanayoipanda wenyeji kwenda kazini, na nauli yake mara nyingi haifiki yuro tano. Hapa tunapima treni hizo, metro hizo na mabasi hayo ya mjini: wapi yanamfaa mgeni mwenye saa nane, na wapi ni heri alipe ya dawatini.

Umbali si kipimo kizuri. Roma na Florence zote ziko mbali na bandari zake, kwa umbali usiotofautiana sana, lakini ya kwanza inafikika kwa utulivu na ya pili ni kamari. Kinachoamua ni safari ya kurudi: utabadilisha vyombo vingapi kabla ya kufika kwenye ngazi ya meli, na kila kimoja kikikuacha utasubiri dakika ngapi. Hesabu hiyo ni ya lazima kwa sababu basi la ziara la meli likikwama njiani, meli husubiri watu wake, au kampuni hugharamia kuwafikisha bandari inayofuata. Aliyeshuka kivyake hasubiriwi. Akiachwa, nauli ya kuifukuza meli ni yake, na kwa mwenye pasi ya Tanzania, Kenya au Uganda kuna suala la viza juu yake.

Tulimalize hilo la viza kwanza. Italia, Ugiriki, Uhispania, Ufaransa, Malta na, tangu Januari 2023, Kroatia ziko ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Uturuki, Montenegro na Kupro haziko. Meli ikitoka Schengen kwenda Istanbul au Kotor kisha ikarudi, viza ya kuingia mara moja haitoshi. Omba ya kuingia mara nyingi tangu mwanzo. Na kwa kuwa meli nyingine huzikusanya pasi na kuzihifadhi, piga picha ya ukurasa wa pasi na wa viza uwe nayo kwenye simu. Weka pia namba ya wakala wa meli wa bandari hiyo, ambayo kwa kawaida huchapwa kwenye karatasi ya ratiba ya siku inayoletwa chumbani.

Saa nazo huponza watu. Ratiba za huko huandikwa kwa saa 24: 17:30 ni saa kumi na moja na nusu jioni. Zaidi ya hapo, meli ina saa yake, na si kila meli husogeza mshale inapovuka kutoka Italia kwenda Ugiriki, ambako saa iko mbele kwa moja. Simu hujibadilisha yenyewe. Vaa saa ya mkono iliyowekwa kwa saa ya meli, uifuate hiyo.

Laini ya simu iliyonunuliwa nchi moja ya Umoja wa Ulaya hufanya kazi katika nchi nyingine za umoja huo bila gharama mpya, ndani ya kiwango cha kifurushi. Montenegro na Uturuki hazimo. Hatari kubwa zaidi ni mnara wa meli yenyewe: mkiwa baharini simu hujiunga nao kimyakimya na bando lako halitambuliki huko. Weka simu katika hali ya ndege kabla meli haijaondoka gatini.

Civitavecchia kwenda Roma: inafaa, ukijua pa kushukia

Kwenye ratiba za meli huandikwa Roma, lakini gati liko Civitavecchia, mji wa pwani ulio kilomita 70 na kitu kaskazini-magharibi. Bandari ni kubwa na meli hufunga sehemu tofauti. Mabasi ya bure ya bandari hukuchukua karibu na meli hadi Largo della Pace, uwanja wa mabasi ulio nje ya eneo la ulinzi. Hapo utawakuta wauza tiketi za mabasi ya Roma na madereva wa teksi, wote wanakuambia stesheni iko mbali. Haiko mbali hivyo. Kwa miguu ni kama dakika 25, ukifuata barabara ya baharini Viale Garibaldi. Basi la mji linalolipiwa pia lipo, na kwa mwenye watoto au mzee ni pesa iliyotumika vizuri. Meli ikifunga karibu na ngome ya Forte Michelangelo, toka kwa miguu kupitia upande huo na utakuwa stesheni kwa robo saa.

Treni za kawaida, zinazoandikwa Regionale au Regionale Veloce, huwa kama mbili kwa saa. Hazina namba ya kiti. Aliyezoea treni ya SGR ya Dar es Salaam au Nairobi, yenye jina lako kwenye tiketi, ukaguzi wa mizigo na kufika mapema, ategemee kinyume: hakuna geti wala ukaguzi, unapanda tu, na asubuhi siku zenye meli nne au tano utasimama hadi Roma.

Tiketi ya kwenda tu ni yuro 4.60. Ipo pia tiketi ya siku nzima iitwayo BIRG, yuro 12, inayojumlisha treni ya kwenda na kurudi pamoja na metro na mabasi ya Roma mpaka usiku wa manane. Tiketi moja ya metro ni yuro 1.50, kwa hiyo hesabu ni rahisi: ukipanda metro chini ya mara mbili, BIRG haikuokolei kitu. Wengi huinunua kwa mazoea wakati siku yao nzima ni ya kutembea kwa miguu. BIRG huandikwa jina na tarehe kwa kalamu, na haifai kwenye Intercity wala Frecciarossa, treni ambazo nazo husimama Civitavecchia na huwatega wenye haraka. Tiketi ya karatasi igongwe kwenye mashine ndogo iliyo ukutani au kwenye nguzo kabla ya kupanda. Ya kwenye simu inathibitishwa kwa kubonyeza ndani ya programu siku ya safari. Mkaguzi akikukuta na tiketi safi isiyogongwa ni faini, na kusema wewe ni mgeni hakusaidii.

Sasa pa kushukia. Wengi hung'ang'ania hadi Roma Termini kwa sababu ndilo jina wanalolijua, na hapo hupoteza karibu nusu saa. Anayekwenda Vatikani ashuke Roma San Pietro, kama dakika 45 kutoka Civitavecchia, kisha atembee dakika 10 hadi 15 mpaka uwanja wa Mtakatifu Petro. Anayekwenda Colosseum ashuke Roma Ostiense, afuate njia ya chini hadi kituo cha metro cha Piramide kilichoungana nacho, achukue laini B vituo viwili: Circo Massimo, kisha Colosseo. Termini haina ubaya kwa anayetaka kwenda upande wa kanisa la Santa Maria Maggiore, lakini treni za Civitavecchia huko mara nyingi hutumia majukwaa ya namba 25 hadi 30, yaliyo mwisho kabisa wa stesheni. Kutoka kwenye metro hadi hapo ni dakika kumi za mwendo wa haraka, na hapo ndipo watu huachwa na treni ya kurudi.

Kosa lingine la kurudi ni ubao wa safari. Treni yako inaweza kuwa imeandikwa Grosseto au Pisa Centrale, kwa sababu Civitavecchia ni kituo cha njiani tu. Kwa upande mwingine, treni iliyoandikwa Ladispoli-Cerveteri iko kwenye reli hiyohiyo lakini inaishia kabla hujafika. Angalia orodha ya vituo, si mwisho wa safari pekee.

Tufanye hesabu kwa meli inayotaka watu wote ndani saa kumi na moja na nusu jioni. Lenga kuwa kwenye ngazi ya meli saa kumi na nusu. Basi la bandari na kulisubiri: dakika 25. Kutoka stesheni hadi Largo della Pace: dakika 25 nyingine kwa miguu. Kwa hiyo treni iwe imefika Civitavecchia saa kumi kasoro dakika 20, maana yake iwe imetoka San Pietro kama saa tisa kasoro dakika tano, au Termini saa nane na nusu hivi. Ile akiba ya saa nzima ni ya treni moja kufutwa na nyingine kuchelewa. Ukiifanyia ununuzi wa mikoba, si akiba tena.

Migomo ni jambo la kweli Italia, na hutangazwa kabla. Tafuta neno sciopero kwenye matangazo ya stesheni na mitandaoni siku chache kabla. Siku za kazi sheria hulinda treni za msingi kati ya 06:00 na 09:00 asubuhi, na 18:00 na 21:00 jioni. Ya asubuhi itakufikisha Roma, ya jioni imechelewa kwa meli nyingi. Siku ya mgomo, kwa hiyo, nunua basi la meli au baki Civitavecchia ule samaki.

Mengine kwa ufupi: makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa ya mwisho wa mwezi, na mlango wake uko upande wa pili wa ukuta, dakika 20 kutoka uwanjani. Jumatano asubuhi Papa akiwa na hadhara, uwanja hujaa na kanisa hufungwa mpaka imalizike. Mabega na magoti yafunikwe. Kanga moja mkobani inamaliza kazi. Colosseum inunuliwe mapema, kwa jina lililo kwenye pasi.

Kwa jumla treni inalishinda basi la meli hapa, kwa sababu basi linakwama kwenye foleni ya kuingia Roma na treni haikwami.

Napoli: bandari nzuri, treni ya ovyo

Stesheni ya meli ya Napoli iko katikati ya mji. Unatoka mlangoni, unavuka barabara, uko Piazza Municipio. Ukitaka kuishia mjini huhitaji chombo chochote: ngome ya Castel Nuovo iko mbele yako, mtaa wa Spaccanapoli ni mwendo wa dakika 20, pizza iko kila kona. Makumbusho ya akiolojia, yenye vitu vilivyochimbuliwa Pompei, hufungwa Jumanne.

Ila watu hutaka magofu ya Pompei. Njia ni hii: metro laini ya 1 kutoka Municipio hadi Garibaldi, vituo vitatu, kisha ushuke chini ya stesheni kuu kwenye treni ya Circumvesuviana inayoelekea Sorrento. Treni hii inaendeshwa na kampuni ya EAV, kwa hiyo tiketi ya Trenitalia, kampuni ya treni ya taifa, haifai. Nauli hadi Pompei haifiki yuro nne. Itunze tiketi, utaihitaji kwenye geti la kutokea.

Mabehewa ni ya zamani, mengi hayana kiyoyozi, michoro ya rangi imefunika hata madirisha, na saa tatu asubuhi mwezi Julai hakuna pa kuweka mguu. Vibaka wanaijua treni hii kuliko wakaguzi wake. Begi livae mbele, simu usiiweke mfuko wa nyuma. Ujanja mmoja unasaidia sana: kituo cha kuanzia ni Porta Nolana, kimoja kabla ya Garibaldi. Ukipandia huko unapata kiti, na wanaopandia Garibaldi wanasimama juu yako mpaka mwisho. Msimu wa watalii kuna pia Campania Express, reli hiyohiyo lakini viti vya uhakika, vituo vichache na nauli ya juu. Safari zake ni chache kwa siku. Ikikaa sawa na muda wa meli yako, ichukue bila kufikiria mara mbili.

Jukwaani Garibaldi treni za njia mbalimbali hupita reli moja. Unayoitaka imeandikwa Sorrento, na unashuka Pompei Scavi – Villa dei Misteri, dakika 35 hadi 40. Ipo njia nyingine, ya Poggiomarino, yenye kituo kiitwacho Pompei Santuario. Hicho kiko kwenye mji wa leo, karibu na kanisa, na hapo watu husimama wakiuliza magofu yako wapi. Ukishukia penyewe, mlango wa Porta Marina uko mbele ya stesheni, hatua chache.

Tangu Novemba 2024 Pompei hupokea watu wasiozidi 20,000 kwa siku na tiketi huwa na jina. Nunua kabla, kutoka kwenye ukurasa rasmi wa hifadhi. Wale wenye vibanda na vitambulisho shingoni nje ya stesheni wanauza ziara, si tiketi tupu, hata kama bango linasomeka hivyo. Begi linalozidi sentimita 30 kwa 30 kwa 15 haliingii. Jumapili ya kwanza ya mwezi kuingia ni bure, na kwa mwenye meli siku hiyo ni sababu ya kuikwepa Pompei.

Ushauri wangu kwa mtu mwenye saa nane: acha Pompei, shuka Ercolano Scavi. Ni reli ileile, nusu ya safari, kama dakika 20. Ukitoka stesheni unateremka barabara moja tu iliyonyooka, Via IV Novembre, dakika kumi, na mwisho wake ni geti la Herculaneum. Mji huu mdogo ulizikwa na mlima uleule wa Vesuvio mwaka 79, lakini kwa mtiririko wa majivu na gesi ya moto uliojaa na kuganda hadi mita 20 hivi, ndiyo maana ghorofa za juu bado zimesimama na mbao za milango na vitanda zimebaki, zimegeuka mkaa tu. Pompei jua linakuchoma kilomita kwa kilomita na paa ni chache. Herculaneum unaimaliza kwa saa mbili na nusu, unarudi Napoli mchana, na treni ikifutwa bado una muda wa kusubiri ijayo au kuchukua teksi kwa umbali unaolipika.

Treni kufutwa ndilo tatizo la Circumvesuviana. Ratiba inasema kila nusu saa hivi, kisha moja inapotea bila maelezo na ubao unaruka kwenda inayofuata. Anayekwenda Pompei aanze kurudi saa tatu na nusu kabla ya muda wa mwisho wa meli. Wa Ercolano, saa tatu. Kuhusu Capri: boti za kasi zinatoka Molo Beverello, pembeni kabisa ya meli yako, na huchukua kama dakika 50. Upepo ukigeuka mchana, boti zinasitishwa, nawe uko kisiwani. Siipendekezi isipokuwa bahari imelala kama mafuta na tiketi ya kurudi umeshainunua kwa boti ya mapema.

Piraeus kwenda Athens: bora kuliko zote

Hapa ushauri wa zamani umechacha. Miaka mingi abiria aliambiwa atembee nusu saa na zaidi kuzunguka bandari hadi stesheni ya zamani ya Piraeus, apande laini ya kijani namba 1, inayofuata reli iliyofunguliwa mwaka 1869. Laini hiyo ipo na inafika Monastiraki, lakini imejaa na wezi wa mfukoni wameifanya ofisi. Oktoba 2022 laini ya bluu, namba 3, ilifikishwa Piraeus, na kituo chake cha mwisho, Dimotiko Theatro, ndicho kilicho karibu zaidi na majengo ya abiria wa meli za kitalii. Kutoka jengo la A ni robo saa au dakika 20 kwa miguu. Kutoka majengo mengine ongeza, au tumia basi la ndani ya bandari.

Tiketi ni yuro 1.20 kwa dakika 90, inatosha kubadilisha laini. Inagusishwa kwenye geti la kuingilia na la kutokea. Baada ya dakika 20 hivi uko Monastiraki, kwa hiyo viungo vyako ni viwili tu: miguu na metro moja. Kurudi ni rahisi zaidi, maana treni yako imeandikwa Dimotiko Theatro na ndipo mwisho wa reli, huwezi kupitiliza. Kosa linalowezekana ni kupanda upande wa pili: treni nyingine huko huishia uwanja wa ndege, ambako tiketi ya mjini haifai na tofauti ni kubwa, yuro 9 dhidi ya 1.20.

Kwa Acropolis usishuke Monastiraki kama unataka foleni fupi. Endelea kituo kimoja hadi Syntagma, badili kwenda laini nyekundu namba 2 upande wa Elliniko, kituo kimoja, Acropoli. Mlango wa kusini-mashariki uko karibu hapo, na mabasi ya ziara humwaga watu wake mlango mkuu wa magharibi. Tiketi ni za muda maalumu tangu 2023, na tangu Aprili 2025 bei ni yuro 30. Chukua nafasi ya saa mbili asubuhi (08:00) kama meli imewahi, vinginevyo ya saa tatu. Wakati wa mawimbi ya joto wizara huifunga Acropolis mchana, imefanya hivyo 2023 na miaka iliyofuata, na mwenye tiketi ya saa saba mchana hubaki chini akitazama juu. Marumaru ya kule juu yamelainishwa na miguu ya watu wengi, kandambili hazifai.

Anza kurudi saa mbili kabla ya muda wa mwisho. Kwa Piraeus inatosha na inabaki.

Livorno: usiguse Florence

Livorno ni bandari ya mizigo, na kutembea kwa miguu ndani yake mara nyingi hakuruhusiwi. Unapanda basi la meli la kulipia hadi karibu na Piazza Grande, kisha basi la mji hadi stesheni ya Livorno Centrale, iliyo upande wa pili wa mji, kisha treni. Florence ni kama saa moja na nusu kwenye treni hiyo, halafu dakika kumi kwa miguu hadi kanisa kuu. Ni viungo vitatu kwenda na vitatu kurudi, zaidi ya saa mbili kila upande. Ukitoa akiba, unabaki Florence kwa saa tatu, na moja kati ya hizo utaitumia kuangalia saa. Kwa Florence lipia basi la meli, hata lile la usafiri tu lisilo na mwongozaji. Ni bandari pekee kati ya hizi ambako dawati linashinda waziwazi.

Pisa ni jambo jingine. Treni ni robo saa au dakika 20 hadi Pisa Centrale, na zipo nyingi. Kutoka Centrale hadi mnara ni mwendo wa dakika 25 hadi 30 ukikatiza mji. Ila kituo cha Pisa S. Rossore kiko dakika chache tu kutoka mnarani; angalia kama treni yako inasimama hapo au badili Centrale kwa ile ya Lucca. Watoto chini ya miaka 8 hawaruhusiwi kupanda mnara, na mabegi huachwa chini. Baada ya mnara Pisa huisha haraka. Lucca, nusu saa mbele, ina kuta za zamani zenye mzunguko wa kilomita 4, ambazo juu yake unaweza kuzunguka kwa baiskeli ya kukodi, na ni mahali patulivu kuliko Florence mara kumi.

Barcelona na nyingine ndogondogo

Barcelona, meli kubwa hufunga gati la Adossat, na basi la bluu la bandari hukupeleka kwenye mnara wa Columbus, chini ya La Rambla. Unaweza kuvuka daraja kwa miguu lakini hakuna cha kuona ila malori. Metro iliyo karibu ni Drassanes, laini ya 3. Kwa Sagrada Família ramani nyingi hukuelekeza ubadilishe Passeig de Gràcia, ambako njia ya chini kati ya laini mbili ni ndefu kuchosha. Fanya kinyume: panda laini ya 3 upande wa Zona Universitària kituo kimoja tu, Paral·lel, vuka jukwaa, chukua laini ya 2 inayoanzia hapo, moja kwa moja hadi Sagrada Família. Unapata na kiti.

Istanbul, ukishukia Galataport, tramu T1 iko nje ya geti kituo cha Tophane na inavuka daraja la Galata hadi Sultanahmet bila kubadilisha. Kotor (Montenegro) na sehemu kubwa ya Valletta (Malta) hazihitaji chombo. Valletta kuna lifti ya Barrakka, mita 58, inayokupandisha kutoka gatini hadi juu ya kuta.

Villefranche (Ufaransa) na Santorini (kisiwa cha Ugiriki) zina kitu ambacho Barcelona haina: meli haifungi gatini, inakaa baharini na boti ndogo hushusha watu. Boti ya mwisho ndiyo muda wako wa mwisho, na huondoka mapema kuliko saa iliyoandikwa ya meli. Villefranche ni nyepesi, stesheni iko dakika kumi na kitu kutoka ufukweni na treni ya TER inafika Nice kwa dakika saba hivi na Monaco kwa robo saa. Santorini tatizo liko juu. Kutoka Fira, mji mkuu wa kisiwa ulio juu ya mwamba, hadi gati la zamani kuna njia tatu za kushuka: gari la waya, ngazi zaidi ya 580 zilizojaa mavi ya nyumbu, au nyumbu mwenyewe. Meli nne zikiwepo, foleni ya gari la waya kuanzia saa tisa alasiri huzunguka mitaa, na hakuna basi wala teksi inayoshuka pale. Ukitoka kijiji cha Oia kwa basi la umma la KTEL, panga kuwa Fira saa mbili kabla ya boti ya mwisho, na magoti yako yakiruhusu, foleni ikizidi dakika 40, shuka kwa ngazi ukishikilia ukuta.